Albertine na Unga ya Kunuka

Mu kambi yote ya bantu ba kazi ya shaba, pembeni ya Élisabethville, hakukuwa bibi wa kutengeneza munkoyo, kinywaji ya mizizi na mahindi, kama Albertine. Mizizi alikuwa anaitwanga yeye mwenyewe, anaivuruga mu uji ya mahindi yenye kupoa, anachuja na kitambala cheupe, kisha anafunika mutungi na sahani. Usafi wake ulikuwa wa kuchokesha bantu. Nzi ikianguka mu kopo, ile kopo inalala inje. Na muntu wa namna hiyo njo Mungu alimupatia bwana kama Liévin.

Liévin alikuwa anatumika ku four, tanuru ya kuyeyushia shaba, na dimanche, siku ya Mungu, alikuwa anateza balo ya miguu mu ekipe ya kambi. Miaka ilikuwa imeanza kumupita. Akiteza dimanche, magoti inamuuma mupaka katikati ya juma. Njo hapo aliangukia mu mikono ya Adalbert. Huyu Adalbert alikuwa anafagia mu dispensaire fulani ya kutunza bagonjwa, bakamufukuza, lakini koti nyeupe hakurudisha. Sasa alikuwa anauzisha unga mu mikebe yenye picha ya ngombe.

"Hii ni nyama, grand frère," Adalbert alimuambia. "Bazungu baliipika mu asidi mupaka ikavunjika bipande bidogo-bidogo. Banaiita acides aminés. Ukimaliza kuteza unakunywa, misuli inajitengeneza. Lakini bukari, ugali ya kila siku, uiache. Bukari inafunga njia."

Liévin akaamini. Hakujiuliza hata sababu gani muntu mwenye kuuzisha misuli alikuwa na mikono kama miti ya kiberiti.

Ile unga, ukiitia maji, ilikuwa inatoa povu ya manjano na harufu ya ngozi ya mbuzi yenye kusahauliwa mu mvua. Harufu ilishika kopo, ikashika mashuka, ikashika midomo ya bwana. Akimusogelea, Albertine anageukia ukuta.

"Baba Jeannot, hii kintu baliitengeneza na nini?" Albertine akamuuliza bwana wake, kwa jina ya mutoto wabo wa kwanza.

"Si nilikuambia? Nyama."

"Nyama gani? Kwato? Nywele?"

"Wewe haujue mambo ya bazungu."

"Kunuka ninajua."

Harufu, angevumilia. Sahani njo ilikuwa hatari. Kila mangaribi Liévin anasukuma bukari pembeni bila kuigusa, na mabibi bote ba pale balikuwa banaosha byombo ku robine moja ya maji. Kwetu, mwanaume akikataa bukari ya bibi yake, hakuna mwenye kufikiri ameshiba. Bantu banasema bibi anatia kintu ya bulozi mu chakula. Brigitte, jirani, aliona mabonge ya bukari inatupiwa bata, akachekea mu pua.

"Mama Jeannot, bata yako inanona. Na bwana yako?"

"Anakunywa unga ya Adalbert."

"Ah bon. Leo ile kintu inaitwa Adalbert."

Maneno hayo ilifika mupaka Kambove, kwa mama ya Liévin, Mama Kapya. Akapanda treni. Aliona mashavu ya mutoto wake yenye kubonyea, hata salamu hakuitikia. Akaita mabibi ba jirani bakae pa lupango, mu kiwanja ya nyumba, basikie.

"Mutoto wangu anakauka kama samaki ya posho," alisema. "Kama bibi yake anamuroga, arudi kwao. Batoto babakie hapa."

Albertine akaenda ku jiko. Alipika bukari, alipika sombe ya majani ya muhogo, akaenda kuchota munkoyo. Hakujua kwamba Liévin alikuwa amechoka na uchungu ya ile unga, na asubuhi alikuwa amemwanga mukebe muzima mu mutungi, ipite na utamu. Pua ya Albertine nayo ilikuwa imechoka, sababu nyumba yote ilikuwa inanuka vile. Munkoyo ilikaa mu joto na ile unga, ikavimba, ikaota ute.

Mama Kapya akapewa kopo ya kwanza, kwa heshima. Alipoondoa mudomo, uzi wa ute ulifwata. Akatema, ikaangukia ku kikwembe yenye Brigitte alikuwa amejifunga.

"Ananipatia sumu mbele yenu."

 Albertine akanusa kopo, na pale pale akajua ni ile unga. Akamuangalia bwana wake. Neno moja tu ya bwana ingetosha kumuokoa. Liévin alikuwa anaangalia bidole bya miguu yake.

Kwa Albertine, ile ilinuka kupita unga.

Hakulia. Alijaza kopo, akapiga magoti, akamupatia na mikono mbili, vile bibi mwenye adabu anapatia bwana.

"Kunywa, Baba Jeannot. Kama ni sumu, mimi nitakufwata."

Liévin akakunywa yote. Uso haukukunjamana hata kidogo. Alipangusa povu na kidole gumba, kama muntu mwenye kuzoea. Kisha akateuka. Ile pumuzi ilimufikia mama yake, akaangalia kopo, akaangalia mutoto.

"Liévin. Hii kintu, unaizoea?"

"Ni acides aminés, mama. Ya magoti."

"Na uliniacha niite bibi yako mulozi?"

 Mama Kapya akanawa mikono, akavuta sahani ya bukari, akakula mbele ya bantu bote, bonge kisha bonge, mupaka chini. Hapo hakukubakia kesi. Brigitte, kikwembe ikiwa bado na maji ya kutemewa, akaomba sombe.

Munkoyo ilimwangwa kwa bata. Bata ilikuja, ikanusa, ikaenda zake. Mangaribi ile Liévin alikula bukari kama muntu mwenye kutoka mu njaa, na magoti iliendelea kumuuma vile vile, na unga, na bila unga.

Albertine hakumuacha. Alimupikia mupaka buzee. Lakini bantu benye kufika kukunywa munkoyo kwake balikuwa banaona kopo moja ya bati imetundikwa peke yake inje, ku musumari ya mulango. Mwenye kunyoosha mukono, Albertine anamukataza.

"Acha hiyo. Ni ya Baba Jeannot."