Mzigo wa Nani?

Siku ya mashokishoki haijanitoka moyoni, mwanangu, na jana ulipokuja kwangu na tenga lako la sabuni za mwani, ukataka nikuvushie Mombasa kwa jina langu, imenirudia yote. Nikakukatalia. Ukatoka umenuna, nikakusikia mlangoni unasema bibi ana choyo. Haya, kaa nikwambie choyo changu kimetoka wapi.

Nlikuwa msichana, ndiyo kwanza naanza kuvusha mashokishoki, yale matunda ya maganda yenye manyoya. Sisi wanawake wa Ng'ambo tulikuwa na desturi yetu: matenga yote yanakwenda kwa jina la mkubwa wetu, Bi Mize wa Amani. Kidole kimoja hakivunji chawa, tukiambiana. Na ilikuwa adabu pia. Nani angesema "langu" mbele ya Bi Mize? Mwenyewe alikuwa mjane, na mteja wake wa Mombasa, mmoja tu aliyebaki, alishamuonya: mzigo ukichelewa tena, basi.

Tulipofika mpakani, bwana forodha akauliza, "Mzigo wote huu wa nani?"

"Wangu," akasema Bi Mize, kama siku zote.

Loo! Kumbe sheria ilikuwa imeshalegezwa. Mchuuzi mwenye mzigo mdogo wa kwao anapewa cheti pale pale dirishani, anapita bila ushuru. Lakini matenga yetu kwa jina moja yalikuwa mzigo wa tajiri, na tajiri anatakiwa wakala na makaratasi ya mjini. Tukazuiwa. Nikasema, "Bwana, mengine yangu, mengine ya hawa." Akatikisa kichwa: "Mngesema kabla, dada. Nimeshaandika." Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, maana sina wa kumlaani.

Shokishoki halingoji mtu. Yale maganda mekundu yakawa meusi, maji yakachuruzika, nzi wakajaa. Bi Mize alikaa chini akichambua, mazima huku, mabovu huku, mpaka upande wa mazima ukabaki mtupu. Ndipo akasema, "Nyinyi mlidhani mimi najua. Nami nliona haya kuuliza. Mbona hapana hata mmoja aliyenikatiza? Ningekasirika, kisha ningepoa."

Mteja akapata muuzaji mwengine. Bi Mize hakuvuka tena. Aliuza barafu barazani kwake mpaka akafariki, na kila nikipita akiinamisha macho. Masikini, Mungu amrehemu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Siku hizi wanasema mambo yamelegea zaidi, redioni wanatangaza. Lakini mlango ukifunguliwa na wewe hujui, kwako bado umefungwa. Basi shika haya, mwanangu. Shikamaneni safarini, kwenye chakula, kwenye maradhi. Mpakani kila mtu na lake, kwa jina lake. Uliza kabla hujalifunga tenga, wala usione haya, kuuliza si ujinga. Na mimi mkubwa wako nikikosea, nikatize. Ntakasirika, kisha ntapoa.

Kesho njoo asubuhi, tutavuka pamoja. Mungu akufungulie riziki yako, akulinde na majuto yaliyomuua Bi Mize kabla ya siku zake. Na ukiulizwa mzigo wa nani, usinitazame mimi.