Ile Haikuwa Méduse

Mwalimu wetu wa biologie amekufa. Habari ilinikuta ku Makomeno, kwa simu, na sikulia: nilikasirika. Mutaona juu ya nini. Alitufundishaka siphonophore, nyama ya mu bahari yenye bantu banaitaka méduse, ile nyama laini kama mwavuli ya maji, juu inafanana nayo. Rafiki yangu akamuchekelea: « Mwalimu, bahari iko wapi? Ku Kipushi, chini ya mine ya shaba? » Yeye akacheka pia. Kisha juma moja akaleta chupa ya maji yenye alichota ku Kasenga, mu muto Luapula. Ku majani ya ndani kulinatana kanyama kembamba kama uzi: hydra. « Angalieni. Mutoto anaota ku mwili ya mama, alafu anaachana, anaenda zake. Siphonophore iko ndugu yake: kule batoto banaota, lakini habaachane. Mumoja anaogelesha bote, mumoja anakamata, mumoja anakula kwa ajili ya bote. Méduse yeye iko nyama moja tu. Ukoo hatuangaliake ku sura. »

Alafu inspecteur, mukaguzi wa mashule, akakuya. Akaona siphonophore yenye mwalimu alichora na chaki ku tableau, akacheka: « Hii si méduse? » Mwalimu akajibu polepole: « Hapana, Bwana Inspecteur. » Inspecteur hakumuangalia hata, akatuuliza sisi. Tulikuwa kalasi ya sita, ya mwisho ya secondaire, examen d'État, mutihani ya serikali, mbele yetu, na tuliogopa. Tukajibu sauti moja: « Méduse! » Miye pia. Juu ya ile jibu yetu bakamutosha mu kalasi yetu, bakamupeleka kufundisha batoto badogo kuchora. Biologie hakuirudilia tena mpaka kufa. Na sisi hakutulaumu hata siku moja, njo yenye inaniuma.

Jana ku kilio, préfet, mukubwa wa shule, ule ule mwenye alisaini barua ya kumutosha, akasimama pembeni ya sanduku: « Tumepoteza mwalimu munene, mwenye alifundisha batoto betu mpaka méduse! » Bantu bakapiga makofi. Nikasimama. Rafiki yangu akanivuta shati: « Ikala, ndugu, iko kilio hapa. » Sikuikala. Nikasema: « Hapana, Bwana Préfet. Haikuwa méduse. » Mama mujane akainua kichwa: « Ungesema ile siku, mwanangu. »

Tunapendaka sana kusema ukweli ku kilio, kwenye haumuponeshe mutu. Basomaji bangu, kama mutu anasema hapana peke yake mbele yenu, mumuunge pale pale, angali na chaki mu mukono.