Upande wa Wazima

Miaka ile ya vita nilikuwa mwandishi wa shirika letu mtaani Kadutu, yaani jumuiya ndogo ya majirani Wakatoliki waliosali pamoja kila Alhamisi jioni. Kazi yangu ilikuwa kuandika nia za misa kwenye karatasi: upande mmoja wazima, upande wa pili marehemu. Padri aliisoma Jumapili jinsi nilivyoiandika. Nina kiherehere, mama yangu alinionya mapema kwamba huruma yangu hutangulia akili.

Kati yetu alikuwepo mama mmoja aliyekimbia Shabunda na watoto wawili. Mume wake alibaki kwenye machimbo ya dhahabu, akaahidi kumfuata. Miezi ikapita. Siku za shirika kila mmoja alisema neno lililomgusa katika Injili, lakini yeye alinyamaza. Kimya kile kiliniumiza na, niseme ukweli, kiliniudhi.

Kisha sokoni nikawasikia wakimbizi wakisema kwamba wanaume wa machimbo yale waliuawa wote. Nikadhani nimepata dawa. Huyu mama, nikasema moyoni, ananyamaza kwa sababu hakuna aliyelia pamoja naye, na kwetu kukaa matanga ndiyo namna ya kumshika mtu mkono. Sikumuuliza. Niliandika jina la mumewe upande wa marehemu, nikawaambia wenzangu kwamba baada ya misa tutampelekea kuni, maharagi na mabenchi ya kapela, kanisa dogo la mtaani, ya kukalia waombolezaji.

Jina liliposomwa kanisani, aliinama kama mtu aliyepigwa. Mimi nikafurahi kwamba hatimaye analia.

Tulipanda kwake na mabenchi vichwani. Alikuwa amesimama mlangoni, macho makavu.

"Maman," aliniambia, "bwana yangu hayakufa. Nani kati yenu aliona maiti yake?"

Tukashusha mabenchi chini.

"Miye niko namungoja. Watoto pia wanamungoja. Mukileta maombi, nitawashukuru. Ile mabenchi, muirudishe."

Tukayarudisha. Njia ya kushuka ilikuwa na matope. Hadi nyumbani nilikuwa na hasira naye, halafu usiku hasira ikanigeukia mwenyewe. Tumaini ndilo pekee alilotoka nalo Shabunda pamoja na watoto, nami nilitaka kulizika.

Alhamisi iliyofuata nilimwomba msamaha mbele ya wote, nikaandika jina la mumewe upande wa wazima. Nikaliandika tena wiki iliyofuata, na nyingine, miaka kadhaa. Mzee mmoja wa shirika aliwahi kuninong'oneza, "Tuko tunadanganya nani?" Nilimwambia asali au aende kwake. Sikuwa na uhakika zaidi yake, lakini nilikuwa nimeona jinsi yule mama alivyoinua kichwa kila jina liliposomwa. Pole pole akaanza kusema neno lake la Injili kama sisi wengine. Mwishowe yeye ndiye aliyetuanzishia nyimbo.

Majeshi yalikuja na kuondoka. Mume hakurudi.

Alhamisi moja alifika kabla ya wengine, akakaa kando yangu. Mkononi alikuwa na mkanda wa mwanamume, umekwisha kuchakaa.

"Kuna mutu alifika kutoka kule," alisema. "Yeye ndiye alimuzika. Andika upande ingine."

Nilishika kalamu, nikaiweka chini. Nilimlilia mtu ambaye sikumwona hata siku moja. Yeye alingoja bila haraka.

"Andika, maman," alisema. "Ulimuchunga muzuri."

Nikaandika.

Jumapili, baada ya misa, tulikwenda kapelani kuchukua mabenchi, hatukuyakuta. Tukapanda kwake na kuni zetu na maharagi. Mabenchi yalikuwa uani. Aliyabeba mwenyewe na watoto wake tangu alfajiri, akayapanga, na sasa alikuwa amesimama mlangoni anatungoja.