Baba Mkwe Alipofanywa Mkalimani

Nililelewa kwa Kipogoro huko Kisawasawa, Kiswahili nikakipata shuleni. Kisukuma nilijifunza ukubwani, nilipohamia Idete na kupakana mashamba ya mpunga na Wasukuma. Wenzangu walinicheka, wakiuliza kama natafuta kuolewa na ng'ombe. Nikawaacha wacheke.

Asubuhi moja nilikuwa zahanati nikisubiri kipimo cha malaria. Pembeni yangu nesi alikuwa akimhoji binti wa Kisukuma mwenye mimba kubwa. Mumewe alikuwa mbali na mifugo, kwa hiyo alisindikizwa na baba mkwe. Binti hakujua Kiswahili, mzee alikijua. Nesi, mgeni hapa bondeni, akamfanya mzee mkalimani.

"Mzee, muulize kama mtoto anacheza."

Mzee aliuliza akitazama ukuta. Binti akaitikia kwa kichwa, macho sakafuni.

"Anasema hajambo."

Mwanamke gani wa Kisukuma ataeleza habari za tumbo lake mbele ya baba mkwe? Hata sisi Wapogoro hatuthubutu. Nilimsalimia mzee, "Mwangaluka, baba," nikamwomba atupishe kidogo. Alitoka haraka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Nikachuchumaa mbele ya binti, nikamuuliza upya kwa lugha yake, kisha nikamngoja. Nesi alitaka kuongeza swali, nikamzuia kwa mkono.

"Hachezi, mama," binti akanong'ona. "Tangu juzi."

Nesi alipiga simu palepale. Gari likatupeleka hospitali ya Ifakara, mimi nikiwa mkalimani. Njiani binti aliniambia kwamba juzi hiyo walikuwa wamekuja zahanati, akaulizwa vilevile, akaitikia vilevile. Nilishindwa hata kumtazama usoni.

Binti alipona. Mtoto wa kiume alitoka amekufa.

Mzee aliporuhusiwa kuingia wodini, alisimama mbali na kitanda, kofia mkononi. "Angeniambia tu," alinilalamikia, sauti ikimkatika. "Juzi ileile ningembeba mgongoni hadi huku." Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia. Alikuwa anasema kweli, na asingeambiwa kamwe.

Binti alikuwa amejifunika kanga usoni, ameing'ata kwa meno, mwili wote unatetemeka bila sauti.

"Baba, tutoke," nikamwambia mzee kwa Kisukuma. "Anataka kulia."

Hatujafika mlangoni, binti alianza.