Barua Tano za Kiroboto

Walimwita Kiroboto tangu mwaka wa kwanza wa udaktari, kwa kuwa hakujaliwa tako la kukaa. Ukimtafuta wodini yuko maabara, ukimfuata maabara ameshafika dirisha la dawa, na kuna siku, waliokuwepo wanaapa mpaka leo, alionekana ghorofa mbili kwa wakati mmoja. Kijimwili chenyewe kidogo, shingo nyembamba, koti jeupe la watu wakubwa lililokunjwa mikono mara tatu.

Lakini asubuhi hiyo alikaa. Alikaa kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha mikutano cha idara ya watoto, magoti yamebanana kama mlango wa bahili, akimwomba Mungu kwa dini yake na kwa dini za majirani.

Udaktari alikuwa nao tayari. Alichokitaka ni ubingwa, awe daktari bingwa wa watoto, na nafasi za kusomea ubingwa zilikuwa sita kwa mwaka. Waombaji walikuwa wengi kuliko wagonjwa. Ila yeye alikuwa na bahati moja: chuo kile kile ndicho kilichomsomesha, na chuo kilikuwa na desturi ya kuwabeba wa kwake. Waliwaita watoto wa nyumbani. Mgeni akiomba, faili lake linaweza kuishia kabatini na mende. Mtoto wa nyumbani akiomba, usaili ni haki yake. Walimu humweka kitako wiki nzima na kumchokonoa kwa maswali ya majaribio, humpa mwezi mmoja wodini aonekane anavyofanya kazi, kisha humwandikia barua ya kumsifu.

Mbeleko hiyo lakini ina mwisho wake. Miaka mitatu tangu kuhitimu, basi, unashushwa chini utembee mwenyewe. Na huu wa Kiroboto ulikuwa wa tatu.

Vyuo vingine? Kila kuku na vifaranga vyake. Alishaomba huko mara mbili, hata "hapana" hawakuona sababu ya kumwandikia. Kwa hiyo mlango ulikuwa mmoja, nao ndio ule aliokuwa akiukodolea macho. Mama yake mzazi alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba leo ni leo, asemaye kesho mwongo. Simu ilitetemeka mfukoni mara nne. Hakuipokea. Angesema nini?

Mwaka wa kwanza alikuwa wa kumi. Mwaka wa pili akawa wa saba. Wa saba penye nafasi sita! Heri uwe wa mia, ulale usingizi. Miaka yote miwili alipeleka barua mbili, kama walivyopeleka wenzake. Safari hii alipoichukua fomu akaona imeandikwa: "Barua mbili au zaidi." Hapo kwenye "au zaidi" ndipo shetani alipoweka kigoda chake.

Akawaza, kama barua mbili zimenifikisha saba, tano si zitanipandisha juu ya dari? Akaanza kuwawinda walimu. Alimvizia mmoja kwenye maegesho, mwingine akamfuata mpaka mlango wa choo akamngojea hapo na kalamu mkononi. Jopo la usaili lilikuwa na watu saba. Alipomaliza, watano kati yao walikuwa wamemwandikia barua. Usiku ule alilala kama aliyeolewa na mfalme.

Basi sikilizeni alichokisahau. Sheria ya jopo inasema hakimu asiwe shahidi. Aliyemwandikia mwombaji barua hutoka nje jina la huyo mwombaji likifika, wabaki wengine wamjadili. Sheria hiyo aliijua, kila mtu pale aliijua. Binti aliyeweza kutaja mifupa mia mbili na sita ya mwanadamu bila kuvuta pumzi, saba toa tano ikamshinda.

Saa nne na kitu mlango ulifunguka, akatoka mwalimu wa magonjwa ya moyo. Akamwona, akatabasamu.

"Wamefika kwako. Tulia, mambo mazuri."

Akatoka wa mapafu, anatafuna biskuti. "Nimekuandikia vitu vizito, mdogo wangu." Akatoka wa magonjwa ya damu, akamwonyesha dole gumba. Akatoka mzee waliyemwita Babu, profesa aliyewafundisha wote hao waliomtangulia kutoka, akija polepole na fimbo yake, macho yameloa kwa furaha. "Binti yangu! Siku yako!"

Wa tano akatoka yule waliyemwita Sindano. Mwanamke mrefu, mkavu, aliyekuwa akiingia wodini hata watoto wanaolia wananyamaza ili wasiulizwe swali. Huyu hakutabasamu. Alisimama, akawatazama wanne waliotangulia, akamtazama Kiroboto, akatikisa kichwa mara moja, akaenda dirishani.

Ndipo Kiroboto alipohesabu. Alihesabu kwa vidole, mkono mmoja ukajaa. Damu ikamshuka yote miguuni, hata viatu vikambana. Wote waliomjua duniani walikuwa koridoni wanamchekea. Ndani amebaki mwenyekiti, ambaye katika miaka yote alimwita "wewe mfupi", na mwalimu mgeni aliyehamia juzi kutoka chuo kingine.

Mlango ukafunguka tena, akatoka karani wa idara na faili kifuani.

"Dokta," alisema kwa sauti ya chini, "hesabu ulisomea wapi?"

"Kaka, niambie tu."

"Jopo halikai chini ya watu watatu. Wapo wawili. Mwenyekiti anasema faili lako lifungwe bila kujadiliwa."

"Bila kujadiliwa? Si bora wanikatae!"

"Hata kukukataa hawawezi. Wa kukukataa wako hapa nje wanakula biskuti."

Mwalimu wa mapafu aliacha kutafuna. Kiroboto akamkamata karani mkono wa shati, kifungo kikaruka kikabingirika mpaka mwisho wa korido, na wote wakakisindikiza kwa macho kana kwamba kinakwenda na jibu.

"Kaka yangu. Nakuomba. Mwaka ujao mimi ni mgeni hapa. Nisaidie, hata nikufulie mashati mpaka ustaafu."

Karani akahema. Hakuwa mtu mbaya, ila kazi ya mafaili humkausha mtu. "Ipo njia moja. Mwombaji anaweza kuondoa barua ya mtu mmoja, kwa mwandiko wake mwenyewe. Barua inatoka kwenye faili, aliyeiandika anarudi ndani kukujadili. Mmoja tu, na hakuna kubadili. Wanakunywa chai sasa hivi. Wakiweka vikombe chini, nafunga."

"Dakika ngapi?"

"Mwenyekiti anakunywa ya moto. Kumi, labda."

Babu alikuwa amesikia yote. Akasogea na fimbo yake, akamshika bega.

"Ondoa yangu, binti yangu. Nitarudi nikusemee. Nitawaambia wewe ni bora kuliko wote niliopata kuwafundisha."

Mungu wangu, roho ilimuuma Kiroboto! Kwa sababu alijua angesema hivyo hivyo, na kwa machozi. Na alijua kwamba mwaka jana Babu aliwasemea wanne hivyo hivyo, na mwaka juzi watatu. Kwenye jopo Babu akianza tu, "Bora kuliko wote", wenzake hunyoosha mkono kuchukua sukari. Mtu aliyemfundisha kushika kipimo cha moyo, aliyemwita binti yangu kabla hajajua hata njia ya kwenda maktaba. Na neno lake halina uzito hata wa unyoya.

Akageuka kumtazama Sindano pale dirishani. Barua ya Sindano ilikuwa ya mistari mitatu, na aliisoma kwa sauti mbele yake kabla ya kuitia kwenye bahasha: "Hachelewi kazini ila huchelewa kuandika mafaili. Hubishana na wakubwa. Ana mikono mizuri." Basi. Kiroboto siku ile alilia chooni, akaipeleka hivyo hivyo, kwa kuwa tano ni tano.

"Babu," alisema, "nisamehe."

Akachukua kalamu ya karani. Aliandika kwenye kikaratasi kwamba anaondoa barua ya Sindano.

Babu alikaa kwenye benchi taratibu, kama mzigo unaoshushwa.

Sindano alikisoma kile kikaratasi mara mbili. "Umeniondoa mimi?"

"Ndiyo, Profesa."

"Nilichoandika unakijua."

"Ulinisomea mwenyewe."

"Nikiingia humo nitasema hayo hayo. Nitasema na la mwaka wa nne, ulipomwambia mkuu wa zamu kwamba amekosea, mbele ya wazazi."

"Alikuwa amekosea."

"Ndiyo ubishi wenyewe huo!"

"Sema yote, Profesa. Ila useme na habari ya yule mtoto wa siku sita, yule..."

"Usinifundishe la kusema." Akaingia, akafunga mlango.

Dakika ishirini. Saa ya ukutani, waapao wanasema, ilirudi nyuma mara mbili. Kwanza ilisikika sauti ya mwenyekiti, kisha kicheko cha mtu mmoja kilichomfanya Kiroboto aume kola ya koti lake. Walimu wengine walikuwa wameitazama sakafu wakaifahamu vizuri. Halafu sauti ya Sindano, kavu, bila kupanda wala kushuka. Maneno machache yakapenya: "...watu wanne walishindwa kuupata mshipa, na mimi mmoja wao. Akaupata kichwani, mara moja. Kisha akasahau kuandika."

Mlango ukafunguka.

"Umepata," alisema Sindano. "Wa sita, nafasi ya mwisho; waliobaki wanagombea akiba. Mgeni alikukataa, mwenyekiti alikubali kwa sharti."

"Sharti gani, Profesa?" aliuliza Kiroboto.

"Aliuliza nani atajibu kuhusu mafaili yako miaka yote ya masomo. Nimesema mimi. Kwa hiyo usinishukuru, utajuta. Jumatatu saa moja kamili, wodi ya wachanga. Na ujifunze kunyamaza." Akaondoka, visigino vikigonga sakafu kama nyundo.

Wale watatu wakampongeza, wakampiga mabega mpaka akayumba, wakarudi ndani kumjadili mwombaji mwingine. Babu alibaki kwenye benchi. Kiroboto akapiga magoti mbele yake.

"Hongera," alisema Babu. Alikuwa akiitazama fimbo yake. "Niambie ukweli, binti yangu. Nilikukosea nini?"

Angeweza kusema hakuna. Angeweza kumsingizia karani, au chai ya mwenyekiti.

"Unatupenda wote sawa, Babu."

"Na hilo ni kosa?"

"Kwa leo, ndiyo."

Babu akatikisa kichwa, akajiinua kwa fimbo, maana ndani walikuwa wanamwita: mwombaji aliyefuata hakuwa na barua yake, alitakiwa kumjadili. Mlango ulipofungwa, Kiroboto akamsikia akianza, kwa sauti ile ile yenye machozi, kwamba katika wote aliopata kuwafundisha, huyu sasa ndiye bora.