Kondo la Nyuma Kifuani Mwangu

Mimi ni mchinjaji wa Kitale. Damu nimeizoea, hakuna kitu kinachoweza kunishtua. Nilipopasuliwa moyo, daktari aliufunika kwa utando mwembamba uliotoka kwenye kondo la nyuma la mama aliyejifungua, ili usivimbe. Nilijigamba kuhusu utando huo kwa ndugu yangu mkubwa alipotoka Bungoma kunijulia hali.

Akasimama. "Ati nini? Hiyo huzikwa kwao mtoto! Umebeba kitu cha mtoto wa watu kifuani, we! Rudi itolewe!"

"Si uitoe wewe, mzee."

Akanirukia kweli, akanipiga ngumi penye mshono. Damu ikaloanisha shati. Nikashika kigoda, nikamvunja taya.

Daktari alinishona tena, akasema utando haujasogea. Mshono wangu na taya yake, vyote nililipia mimi: shilingi 183,450.