Jiwe Lenye Nyama

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo, mfuko wa chumvi na onyo. Nilikuwa nimetoka kwetu Kagondo na cheti cha kidato cha nne, nimepanga chumba Kashai, nikaitwa kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Kihindi pale mjini Bukoba. Nilimwita Mzee wa Duka. Sebuleni kwake kulikuwa na tangi la kioo, refu kuliko kitanda changu, lililojaa maji ya chumvi. Sisi watu wa ziwa tumezoea maji matamu. Yale ukiyaonja unatema. Ndani yake lilisimama tumbawe gumu, jiwe lenye matawi kama mti uliopukutika majani.

"Hilo ni mnyama," Mzee wa Duka aliniambia. "Liko hai. Usitie humo mkono wenye mafuta, na usilisogeze hata inchi moja."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikajiambia kazi mbaya si mchezo mwema, nikashika ndoo.

Ninyi vijana mnaoniuliza kazi hii ilikuwaje, anzeni na hili: tumbawe ni ngozi nyembamba iliyo hai, imetandazwa juu ya mifupa liliyojijengea lenyewe. Ndani ya ngozi hiyo huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao hulilisha kwa nguvu ya mwanga. Kwa hiyo unatunza taa. Unatunza joto la maji. Unapima chokaa, maana ndiyo linayojengea mifupa. Na kila asubuhi unapima chumvi kwa kidarubini cha mkononi, unaweka tone moja la maji kwenye kioo chake na kuchungulia. Maji yakipungua kwa kukauka unaongeza maji matamu yaliyochujwa, kidogo kidogo, kwa sababu chumvi yenyewe haikauki. "Tunza maji," Mzee wa Duka alikuwa akisema, "jiwe litajitunza." Alinifokea miaka mingi, mara nyingi kwa haki, na nilimpenda.

Kitu kimoja hakuweza kunizoesha. Taa zikififia jioni, jiwe lilitoa minyiri, vidole laini visivyo na kucha, mamia kwa mamia, vikipapasa maji. Nilikuwa nageuza uso.

Mzee wa Duka alipohamia kwa wanawe Dar es Salaam, tangi lilichukuliwa na tajiri wa samaki wa Muleba, mwenye ghala la barafu kando ya ziwa na jenereta zake mwenyewe. Hilo la jenereta lilikuwa jambo kubwa: umeme ukikatika pampu husimama, maji hutulia, na tumbawe hukosa hewa. Nami nikaenda na tangi, kama mchungaji anayeuzwa pamoja na ng'ombe. Huyu wa pili nilimwita Bosi.

Kwa nini alilitaka, nilielezwa na mkewe, Mama Projestus. Projestus alikuwa mtoto wao pekee wa kiume. Aliondoka na mtumbwi wa mizigo kwenda visiwani, ziwa likachafuka, wenzake wakapatikana, yeye hapana. Kwetu, mtu wa ziwani asipopatikana, ukoo hukata shina la mgomba, hulivika sanda na kulizika mahali pake kibanjani, shamba la migomba la nyumbani. Bila kaburi hilo msiba hauna mwanzo wala mwisho. Bosi alikataa mgomba kukatwa. Na Mama Projestus alikuwa hajalia kwa sauti, maana humlilii mtu ambaye baba yake anasema yuko hai.

"Nitazika siku hilo likifa," Bosi alisema, akinyoosha kidole kwenye tangi. Alikuwa ameliona Bukoba jioni moja likitoa minyiri, akaamini kwamba kitu kinaweza kuwa mifupa chini ya maji na bado kikaishi.

Kila jioni alikaa mbele ya tangi. Nilijua minyiri hutoka kwa sababu ya taa kufifia. Lakini jioni moja Bosi alichelewa. Taa zilififia, jiwe likabaki limejifunga. Geti lilipolia, jiwe likafunguka. Sijapata maelezo ya jambo hilo, na sitaki kuyapata.

Mama Projestus alinifuata jikoni akinisihi. "Ma Adela, waitu, liache life."

"Mama, mimi nilifundishwa kutunza tu."

"Na mimi nani ananitunza?"

Nilirudi kwenye ndoo zangu, na swali lile likaniuma.

Halafu likaanza kufa lenyewe. Nyama ilibanduka vipande vipande, ikaelea kama karatasi iliyolowa, na mfupa mweupe ukatokeza. Nilipima joto, sawa. Chokaa, sawa. Nilipochungulia chumvi, nilikuta imeshuka vibaya. Na chumba kizima kilinuka ziwa. Nilimshuku Mama Projestus, Mungu anisamehe. Kulipopambazuka nilimkuta Bosi na dumu, akimimina taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa.

"Ni maji ya kule alikopotelea," alisema. "Nataka ajue njia ya kurudi."

"Bosi, unaliua."

Aliweka dumu chini, akakaa sakafuni palepale.

Nilikata tawi moja lililokuwa bado na nyama, nikalitia kwenye ndoo ya maji mapya ya chumvi, na pampu ndogo, katika chumba cha jenereta. Tumbawe lenyewe liliisha, likawa jeupe hadi chini. Bosi alikuja kuliangalia mchana. Nyuma yake, mlangoni, alisimama Mama Projestus.

"Limekufa?"

"Limekufa, Bosi."

"Lote?"

Nikaenda kuleta ndoo. Mchana kweupe, kijitawi kilikuwa kimetoa minyiri yake, kinapapasa.

"Ni lile lile?" aliuliza.

Kwa ufundi wetu jibu ni moja. Tawi lililokatwa si mtoto wa tumbawe wala ndugu yake. Ni lenyewe, linaendelea. Mama Projestus alikuwa ananitazama.

"Hili ni jingine, Bosi."

Alivuta pumzi ndefu. "Waambieni wakate mgomba," alisema. Kilio cha Mama Projestus kilifika hadi ufukweni, na wavuvi wakaacha nyavu zao.

Nilifanya kazi hiyo mpaka mgongo ulipokataa. Siku hizi mna mashine zinazoongeza chokaa zenyewe, nawaonea wivu. Lakini atunzaye uhai huulizwa maswali yasiyo na kipimo, na hujibu akiwa peke yake.

Siku ya kuagwa nilisimama na Bosi mbele ya tangi, yeye sasa mzee wa mkongojo. Kijitawi nilichokirudisha humo kilikuwa kimekua, kimechukua umbo lile lile la zamani. Taa zilififia. Minyiri ikatoka.

"Ma Adela," alisema, "ni lile lile, sivyo?"

Niliinama nikafuta kioo kilichokuwa safi tayari.

"Nilijua tangu siku ile," alisema. "Lakini mama yake Projestus alikuwa amesimama mlangoni."